Padre Cecil Majaliwa wa Chitangali

Ndugu Wakristo, katika mitaa yetu ya kusini wengi huanza habari za Kanisa na Askofu Edward Steere, aliyefika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Ni sawa. Lakini tusimsahau Majaliwa.

Huyu alikuwa Myao, akachukuliwa utumwani angali mtoto. Baada ya kukombolewa alisoma Kiungani, Unguja, kisha Chuo cha Mtakatifu Agostino, Canterbury. Mwaka 1886 alipewa ushemasi, akapelekwa Chitangali kwa jumbe Nakaam. Fikirini: mtoto aliyenyang'anywa kwao anarudi kwa watu wa kabila lake na Injili, wala hahitaji mkalimani! Nakaam mwenyewe alibatizwa kwa jina la Barnaba.

Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa upadre huko Unguja. Akawa Mwafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika Misheni ya Vyuo Vikuu. Akarudi Chitangali. Mahubiri, mafundisho ya ubatizo, Ushirika Mtakatifu: mzigo ulikuwa wake. Dayosisi ya Masasi yenyewe iliundwa mwaka 1926, miaka 36 baadaye.