Ushahidi Unaoanzia Kitandani pa Mgonjwa

Sayansi jinai ni matumizi ya elimu ya sayansi katika kutafuta ukweli unaohitajika mahakamani. Wanaoisomea katika ngazi ya uzamili hufundishwa mapema kanuni ya Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910: vitu viwili vinapogusana, kila kimoja huacha alama yake kwa kingine. Damu, mate, unywele na uzi wa nguo ni mashahidi wasio na ulimi, lakini hupotea upesi.

Mara nyingi mashahidi hao hufika hospitalini kabla ya polisi kufika kwenye eneo la tukio. Muuguzi anayemsafisha majeruhi kwa huruma aweza, bila kujua, kufuta kile ambacho hakuna maabara iwezayo kukirudisha.

Uhai wa mgonjwa hutangulia daima. Hata hivyo, hali ikiruhusu, mhudumu azingatie haya:

1. Nguo zikatwe kando ya tundu la risasi au kisu, si juu yake.

2. Nguo zenye unyevu zikaushwe mahali salama pasipo na jua, kisha kila moja ifungwe katika mfuko wake wa karatasi. Plastiki huhifadhi unyevu, na unyevu huotesha ukungu na bakteria wanaoharibu vinasaba.

3. Mahali, ukubwa na umbo la jeraha viandikwe kabla ya kuoshwa na kushonwa.

4. Kila anayepokea kielelezo aandike jina, tarehe na saa. Mlolongo huo ukikatika, mahakama yaweza kukitilia shaka.

Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa, bali awahi kituo cha afya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kuwahi ni bora zaidi. Aliyekwisha kuoga asikate tamaa. Aende vilevile, kwani matibabu yapo na ushahidi mwingine waweza kupatikana. Sampuli zichukuliwe kwa ridhaa yake.

Nchini Tanzania, majeraha huandikwa katika fomu ya polisi PF3, na sampuli za vinasaba hupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayejaza fomu aandike alichokiona, si anachokidhania. Mtaalamu wa maabara, hata awe bingwa wa namna gani, hapimi asicholetewa.