Matete ya Kingoni Yasing'olewe Kabla ya Masika

Kila mwaka masika yanapokaribia, wakulima wa mboga kando ya vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Uluguru husafisha kingo hadi majini: matete hung'olewa, vichaka huchomwa moto, na matuta ya nyanya na kabichi hupangwa pale palipokuwa na mizizi. Kazi hiyo huitwa usafi wa shamba, ingawa huliharibu shamba la bondeni.

Maji ya mto husukumwa na mteremko na kuzuiwa na msuguano wa kingo, sakafu na mimea. Katika kanuni ya mhandisi Robert Manning wa Ireland, iliyotolewa mwaka 1889, kizuizi hicho hupewa namba: mfereji wa udongo usio na magugu hupata takriban 0.03, na uliosongwa na matete na vichaka hufika 0.1 au zaidi. Kwa kuwa kasi hugawanywa kwa namba hiyo, maji yenye kina kilekile kwenye mteremko uleule hukimbia mara tatu hivi zaidi mimea ikiondolewa, na maji yanayokimbia hubeba udongo.

Wakulima hudai kwamba matete hupandisha maji yakafurika shambani, na dai hilo lina ukweli kwa mimea iliyoota katikati ya mkondo, ambayo inaweza kupunguzwa pamoja na magogo yanayoziba makalavati. Matete ya ukingoni ni jambo jingine, kwani mafuriko yakija hulala juu ya gema, yaani ukingo uliosimama wima, na kulifunika. Yakihitajika kwa malisho, yakatwe juu ya ardhi na mizizi iachwe.

Anayeng'oa hudanganywa na msimu wa kwanza, kwa sababu masalia ya mizizi iliyokufa huendelea kushika udongo. Yakishaoza, maji hula gema kwa chini, na tabaka la juu hubaki likining'inia. Mara nyingi halianguki mafuriko yakiwa kileleni bali maji yanaposhuka, wakati udongo uliolowa na kuwa mzito umepoteza egemeo la maji yenyewe, na ndipo tuta zima la nyanya huingia mtoni. Dalali aliyemkopesha mkulima mbegu na mbolea ili mavuno yawahi hatakuwapo siku hiyo. Atakuwa katika bonde jingine, na deni la mkulima litabaki palepale. Wauzaji wa miche ya mikaratusi, wanaoinadi kama dawa ya kingo, nao wasisikilizwe, maana mti huo hunywa maji mengi na nyasi hazistawi vizuri chini yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazohatarisha hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayesema mita hizo ni nyingi kwa mwenye robo ekari ana hoja, lakini udongo wa sehemu ya juu ya bonde la mto Ngerengere, penye baadhi ya vijito hivyo, huishia katika Bwawa la Mindu, ambako wakazi wa Morogoro hupata maji.

Palipokwisha kusafishwa, mkulima apande sasa vipande vya nyasi za mabingobingo vyenye vifundo vitatu, viwili vikiwa ardhini, kuanzia chini ya gema kwenda juu. Vikichelewa hadi mafuriko ya kwanza, maji yatavichukua.