Matengenezo ya Barabara za Vijijini: Fedha Hutoka Wapi?

Mkulima wa Kyela aweza kuvundika na kuanika kakao yake vema, kisha akakosa bei nzuri kwa sababu barabara ya kijiji imekatwa na maji na mzigo umelowa kabla ya kufika ghalani. Kwa hiyo matengenezo ya barabara ni jambo la ushirika.

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, zikiwamo ziendazo vijijini, zilikuwa chini ya halmashauri hadi mwaka 2017, zilipokabidhiwa kwa TARURA.

Fedha za matengenezo hutoka hasa katika Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa mwaka 1998, unaopata tozo katika kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2021 tozo iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Basi mwanachama alipaye nauli au kukodi gari la mizigo amekwisha kuchangia. Kudai matengenezo si kuomba sadaka.

Lakini fedha hufuata mpango, na mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Ombi linaloandikwa masika, barabara ikiwa imekwisha kukatika, huwa limechelewa. Yafaa katibu aorodheshe mapema makalvati yaliyoziba na mizigo ipitayo, kisha ombi lipitie mkutano wa kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Maswali ya kujadili:
1. Barabara ya chama chenu husimamiwa na nani?
2. Ni sehemu gani hukatika kwanza mvua zinyeshapo?