SOMO: UKIALIKWA SINAGOGI SIKU YA UPATANISHO

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: 1 Wafalme 8:41-43, Walawi 16 na 23:26-32, Isaya 58, Matendo 13:14-16 na 42-44, Mathayo 5:23-24.

Shabaha ya somo: Mkristo ajue namna ya kuwa mgeni mwema katika ibada ya Wayahudi, bila kuikana imani yake na bila kuwadharau waliomwalika.



Wengi wetu tuna ndugu waliopata kwenda Marekani kabla mpango wa kupokea wakimbizi haujasimamishwa huko Januari 2025. Wengine wako Kanada na Ulaya. Katika miji kadhaa, watu wa sinagogi walikuwa miongoni mwa waliowapokea: waliwatafutia vitanda na makoti ya baridi, wakawasindikiza hospitali, wakawaandikisha watoto shuleni. Urafiki ukishakua, mwaliko hufuata: njooni msali nasi siku yetu kuu. Hapo ndipo swali hufika kwa wazee wa kanisa: je, nikiingia humo nitakuwa nimemkana Yesu?

Hata hapa Uganda swali hili si la mbali. Karibu na Mbale wako Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, mkuu wa vita na mtawala, aliyeshika Torati na kutahiriwa mwaka 1919 pamoja na wafuasi wake. Idi Amin alipoikataza dini hiyo miaka ya 1970, wengi waliiacha, na waliobaki walisali kwa siri. Leo wana masinagogi yao na wanaimba zaburi kwa Kiganda na Kiebrania.

1. JE, MKRISTO ANARUHUSIWA KUINGIA?

Tuanze na Maandiko. Sulemani alipoliweka wakfu hekalu, alimwombea pia mgeni atokaye nchi ya mbali, ili Mungu amsikie akija kuomba hapo. Bwana wetu Yesu alikuwa na desturi ya kuingia sinagogi siku ya Sabato (Luka 4:16). Paulo alipofika Antiokia ya Pisidia aliwakuta humo Wayahudi, na pamoja nao watu wa mataifa waliomcha Mungu. Watu hao walikuwa wageni walioketi na kusikiliza. Basi kuketi ndani ya sinagogi hakumfanyi mtu aache imani yake.

Lakini tuseme ukweli wote. Kwa karne nyingi, hasa Ulaya, Wakristo walihubiri kwamba Wayahudi wote wana hatia ya damu ya Yesu, na mahubiri hayo yaliwachochea watu kuwafukuza na kuwaua. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa Kanisa Katoliki ulitamka kwamba hatia ya mateso ya Yesu haiwezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote, wala wa siku zile wala wa leo. Sisi tuliokimbia vita tunajua vizuri maana ya kabila zima kulaumiwa kwa tendo la wachache. Basi tusiwafanyie wengine jambo lililotutoa sisi kwetu.

2. SIKU YENYEWE NI IPI?

Siku ya Upatanisho, kwa Kiebrania Yom Kipuri, ni siku ya kumi ya mwezi wa saba, Tishri. Kwa kalenda yetu huangukia Septemba au Oktoba. Ndiyo siku iliyo takatifu kuliko zote katika mwaka wao. Luka anaitaja katika Matendo 27:9 anapoeleza kwamba safari ya baharini ilikuwa ya hatari, kwa sababu siku ya kufunga ilikuwa imekwisha kupita.

Zamani kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku hiyo kwa damu ya sadaka. Warumi walibomoa hekalu mwaka 70, na tangu hapo hakuna sadaka za wanyama. Wayahudi hufunga, husali na kutubu. Mfungo wao huanza kabla ya jua kuchwa na huendelea mpaka usiku wa siku ya pili, kama saa 25, bila chakula wala maji. Pia hawaogi kwa kujiburudisha, hawajipaki mafuta, hawavai viatu vya ngozi, na mume na mke hawakutani. Watoto wadogo hawalazimiki kufunga, na mgonjwa ambaye kufunga kutahatarisha maisha yake hukatazwa kufunga.

3. MLANGONI

Hapa wageni wengi huumia moyo bila sababu. Utaona mlango umefungwa, walinzi wamesimama, pengine na polisi. Utaulizwa jina lako, nani amekualika, na mfuko wako utafunguliwa. Usiseme moyoni: wananishuku kwa sababu ni mkimbizi, au kwa sababu ni Mwafrika. Ziko sababu.

Tarehe 27 Oktoba 2018, mtu mwenye bunduki aliingia katika jengo la sinagogi la Tree of Life, mjini Pittsburgh nchini Marekani, akawaua watu 11 waliokuja kusali asubuhi ya Sabato. Kabla ya kuingia alikuwa ameandika kwenye intaneti akililaumu HIAS kwa kuleta wageni nchini. HIAS ni shirika la Kiyahudi linalosaidia wakimbizi wa dini zote, nalo lilianza kazi Nairobi mwaka 2002. Jengo lile lilitumiwa na makusanyiko matatu, na mojawapo, Dor Hadash, lilikuwa limejiunga na Sabato ya kuwakumbuka wakimbizi iliyoandaliwa na HIAS juma moja kabla. Wapendwa, tusilipite jambo hili haraka. Muuaji yule aliwachukia watu wale kwa kuwa ni Wayahudi, na tena kwa kuwa walifungulia mlango watu kama sisi.

Tarehe 9 Oktoba 2019, siku yenyewe ya Yom Kipuri, mtu mwenye silaha alijaribu kuingia sinagogi la Halle, Ujerumani. Mlango uliofungwa uliwaokoa waliokuwa ndani, ila aliua watu wawili nje. Tarehe 2 Oktoba 2025, tena siku ya Yom Kipuri, sinagogi moja la Manchester, Uingereza, lilishambuliwa na watu wawili wakafa.

Kwa hiyo mwambie mwenyeji wako mapema kwamba utakuja, na mwulize kama jina lako linahitaji kuandikishwa, kwa kuwa siku hiyo watu hujaa na masinagogi mengi huhitaji tikiti. Chukua kitambulisho. Usibebe mzigo mkubwa. Usilete ndugu watatu wasioalikwa, hata kama kwetu mgeni huja na wenzake. Jibu maswali ya mlinzi kwa upole.

4. NDANI

Mavazi. Vaa nguo safi za heshima. Wengi wao huvaa nyeupe. Utaona mzee mwenye suti nzuri amevaa viatu vya turubai au vya mpira. Usicheke, wala usidhani ni umaskini, kwa maana ameacha ngozi kwa ajili ya mfungo.

Kuketi. Katika masinagogi ya Waorthodoksi wanaume huketi kwao na wanawake kwao. Kwingine familia huketi pamoja. Fuata mwenyeji wako, na ukiwa peke yako keti nyuma kidogo ili uone wengine wanafanya nini.

Kitabu. Sala nyingi husomwa au kuimbwa kwa Kiebrania kutoka kitabu kinachofunguliwa kutoka kulia. Mara nyingi upande wa pili wa ukurasa kuna tafsiri. Usikiweke kitabu hicho chini sakafuni. Usitafute pambio na ngoma, wala usidhani kwamba Roho hayupo kwa sababu watu wanasoma kimya. Kila watu wana namna yao ya kulia mbele za Mungu.

Kusimama. Sanduku lenye magombo ya Torati likifunguliwa, watu husimama. Simama nao kama una nguvu. Usitoke nje wakati huo.

Simu. Izime kabisa. Usipige picha wala usirekodi. Wanaoshika sheria kwa ukamilifu hawagusi simu, fedha wala kalamu siku hiyo. Usitafute kikapu cha sadaka na usitoe noti mfukoni. Ukitaka kutoa shukrani, subiri siku nyingine.

Chakula. Mgeni halazimiki kufunga, lakini usile wala kunywa mbele ya waliofunga. Mama anyonyeshaye au mtu anayetumia dawa atoke nje kwa utulivu. Usiwaletee chakula cha zawadi mchana. Jua likishazama huwa na mlo wa kufungua, na wakikukaribisha, kaa ule nao.

Salamu. Siku hii ni ya toba, basi usipige vigelegele vya sikukuu. Watakie mfungo mwepesi na mwaka mwema.

Muda. Ibada ni ndefu mno. Si lazima ukae yote. Mwulize mwenyeji sehemu inayokufaa. Jioni ya kwanza huimbwa Kol Nidre, tamko la kuwafungua watu na nadhiri walizomwekea Mungu wasiweze kuzitimiza. Halihusu madeni wala mapatano kati ya mtu na mtu. Asubuhi husomwa Walawi 16, kisha Isaya. Alasiri husomwa kitabu chote cha Yona. Mwisho, usiku ukiingia, hupigwa baragumu la pembe ya kondoo mara moja, na mfungo umekwisha.

Kuna pia sala ya kuwakumbuka marehemu. Wengine ambao wazazi wao wako hai hutoka nje wakati huo. Mwenyeji wako akibaki, nawe waweza kubaki kimya na kuwakumbuka wako uliowaacha bila kuwazika.

5. MAMBO YA DHAMIRI

Kofia. Wanaume wote huombwa kufunika kichwa, na mlangoni huwekwa kofia ndogo za duara kwa wageni. Ndugu wengine husita kwa ajili ya 1 Wakorintho 11:4. Paulo anawaelekeza Wakorintho kuhusu mwanamume anayeomba au kutoa unabii katika kusanyiko lao. Wewe hapa ni mgeni katika nyumba ya watu, nawe unavaa kofia kwa heshima, kama vile unavyovua viatu ukiingia msikitini. Lakini kama dhamiri yako bado inakusumbua, kumbuka Warumi 14:23, umshukuru aliyekualika na ubaki nyumbani. Usiingie kichwa wazi uanze kubishana.

Shali ya sala. Hii ni tofauti. Shali yenye vishada ni alama ya agano lao, mgeni haivai. Wala usipande kusoma Torati wala kuigusa. Usijifanye Myahudi kwa siku moja. Hawakukuomba hilo, na si heshima.

Sala. Usiseme maneno usiyoyaamini. Penye zaburi au sifa za Muumba waweza kuitika Amina. Penye maneno usiyoyajua, nyamaza. Wakisujudu, huna lazima ya kusujudu.

Kuhubiri. Wako watakaosema: hii ni nafasi ya uinjilisti. Tunaamini kwamba Yesu ndiye Kuhani Mkuu wetu, kama Waebrania 9 inavyofundisha, wala hatuoni haya kusema hivyo tukiulizwa. Lakini mtu aliyealikwa kwenye matanga hasimami kuwakosoa wafiwa. Siku hiyo Wayahudi wako mbele za Mungu wao na dhambi zao. Usigawe vitabu vya injili. Usianzishe mjadala juu ya vita vya Israeli. Ushuhuda wako siku hiyo ni adabu yako.

6. LA KUJIFUNZA KWETU

Katika sala zao za siku hiyo huungama kwa wingi: tumekosa, tumedanganya, tumeonea. Hata asiyeiba husema pamoja na wote. Na walimu wao wa zamani walifundisha katika Mishna jambo linaloshika moyo: Siku ya Upatanisho husamehe makosa kati ya mtu na Mungu, lakini kosa kati ya mtu na jirani yake halisamehewi mpaka amwendee jirani huyo na kumtuliza. Ndiyo sababu siku za kabla yake watu hupigiana simu, hutembeleana na kuombana msamaha. Je, Bwana Yesu hakufundisha vivyo hivyo katika Mathayo 5:23-24?

Sisi hapa kambini tunafunga. Tunakesha Ijumaa mpaka alfajiri. Lakini wako wanaokesha pamoja na hawajasemeshana tangu ugomvi wa bombani au wa mpaka wa shamba. Tukawaige Wayahudi katika hili: kwanza mlango wa jirani, ndipo mlango wa kanisa.

Na sura ya Isaya wanayoisoma asubuhi ile inaeleza mfungo ampendezao Mungu: kumgawia mwenye njaa mkate na kumwingiza nyumbani maskini asiye na makao. Wanaposoma maneno hayo, wewe mkimbizi umeketi kati yao, umealikwa. Ujue kwamba kuketi kwako pale ni sehemu ya mfungo wao. Basi keti kwa heshima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Sulemani alimwombea mgeni nini? Sisi tunawaombea nini wageni wanaoingia kanisani kwetu?
2. Je, tumewahi kusikia au kusema maneno ya kuwalaumu Wayahudi wote? Yalitoka wapi?
3. Ni mambo gani mgeni Mkristo anaweza kufanya sinagogi, na yapi asifanye? Kwa nini?
4. Yuko nani unayepaswa kumwendea kabla ya mfungo wetu ujao?

Mungu awabariki, na awalinde ndugu zetu walio ugenini pamoja na wote wanaowafungulia mlango. Amina.