Madirisha ya Nyumba Mpya na Gesi ya Radoni

Likizo iliyopita nilimkuta baba akijenga nyumba ya matofali ya kuchoma badala ya ile yetu ya udongo. Kwa ajili ya baridi na wezi, alikusudia kuweka dirisha moja dogo katika kila chumba. Jambo hilo lilinirudisha katika somo la Fizikia, nami napenda kuwaeleza wasomaji niliyojifunza.

Karibu mawe na udongo wote una uraniamu kidogo. Nayo, baada ya mageuzi mengi ya polepole, huzaa radiamu, na radiamu huzaa gesi iitwayo radoni. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hupanda kutoka ardhini na kuingia nyumbani kwa nyufa za sakafu. Nje hutawanywa na hewa, ndani hukusanyika. Tukiivuta kwa miaka mingi, mionzi yake yaweza kuleta saratani ya mapafu, na mvuta sigara ndiye aliye hatarini zaidi.

Mwezi wa Desemba 1984, huko Pennsylvania, Marekani, Bwana Stanley Watras, mhandisi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, alikuwa akiliza kengele za mionzi. Ajabu ni kwamba zililia hata alipokuwa akiingia kazini! Nyumba yake ilipopimwa, ikaonekana ina kama bekereli 100,000 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 kwamba isizidi 100, na pasipowezekana isipite 300. Ikambidi ahame na jamaa yake.

Basi, dirisha lafanya nini? Radoni katika chumba kilichozibwa kabisa hupungua nusu kwa siku 3.8. Dirisha likiwa wazi, hewa huweza kuifukuza kwa muda wa saa chache tu. Tena, kama gesi huingia kwa kiasi kile kile, ukizidisha mara mbili hewa inayopita, radoni inayobaki huwa kama nusu. Lakini ukifunga jioni hurudi, na usiku ndipo tunapokaa ndani saa nyingi.

Hapa hapana budi tuangalie. Hewa ya moto hupanda, hivyo nyumba yenye moto ikifunguliwa juu tu, sakafu huweza kunyonya gesi zaidi kutoka ardhini. Yafaa hewa iingie upande mmoja na kutokea wa pili. Palipo na radoni nyingi mno, mafundi huziba nyufa, kisha huweka bomba lenye feni la kuitoa chini ya sakafu mpaka juu ya paa.

Kwetu hakuna aliyepima. Nyumba ya zamani hewa ilipita kati ya ukuta na paa usiku kucha. Hii mpya itazibwa vizuri sana, tena bibi hupenda kuota moto ndani. Nikamwandikia baba barua. Amejibu kwamba kuta zimekwisha pita usawa wa madirisha, ila chumba cha bibi fundi atatoboa la pili, likabiliane na la kwanza, na yote mawili yatatiwa nondo.