Fizikia Mwaka wa Kwanza: Kasi ya Nani, Machoni pa Nani?

Mtihani wa mekaniksi unabisha hodi, na swali la vitu viwili vinavyotembea kwa pamoja halikosi humo. Wengi hukimbilia kujumlisha namba kabla ya kuuliza: anayetazama ni nani?

Sisi wa Hodge Hill mfano tunao mlangoni. Barabara ya M6 inapita juu ya nguzo pale Bromford. Tuseme gari dogo linakwenda maili 70 kwa saa na lori maili 60, upande mmoja. Dereva wa lori analiona gari likimwacha kwa maili 10 tu. Likitokea mbele yake, linamjia kwa 130! Andika hivi kila mara:

gari kwa lori = gari kwa barabara + barabara kwa lori

Neno la kati lazima likutane na mwenzake. Na "barabara kwa lori" ni "lori kwa barabara" iliyogeuzwa alama, yaani –60. Basi 70 – 60 = 10.

Kazi ipo majini, bwana. Waliopanda kivuko cha Likoni, Mombasa, wanajua mkondo unavyosukuma chombo kando. Tuseme upana ni mita 500, kasi ya chombo majini mita 5 kwa sekunde, mkondo mita 3. Omo ikielekea ng'ambo moja kwa moja, utavuka kwa muda gani? Wengi hupiga Pythagoras, wanapata 5.83, wanagawa 500 kwayo: sekunde 86. Sifuri! Hiyo 5.83 ni kasi ya njia ya mshazari, na mshazari ni mrefu kuliko mita 500. Kinachokuvusha ni ile 5 peke yake: 500 ÷ 5 = sekunde 100. Mkondo unakupeleka kando tu, 3 × 100 = mita 300.

Ukitaka kutua mkabala kabisa, omo iukabili mkondo kidogo: saini ya pembe ni 3/5, kama nyuzi 37. Kasi ya kuvuka inabaki √(25 – 9) = 4, hivyo sekunde 125. Kumbe njia iliyonyooka ndiyo inayochelewa! Kwa hiyo swali likitaka "muda mfupi kabisa", achana na pembe.

Zoezi: mvua inaanguka wima kwa mita 8 kwa sekunde, nawe unakimbilia basi Coleshill Road kwa mita 4. Mwavuli uinamishe mbele nyuzi ngapi? (Jibu: kama 27.)