Kuku wa pakiti: rangi ya nje isikudanganye

Vikaangio vya hewa vimeingia katika nyumba nyingi za mjini, na pamoja navyo vipande vya kuku vilivyogandishwa, vikiwa vimekwisha kupakwa chenga za mkate. Havihitaji mafuta mengi, na watoto hujipikia wenyewe warudipo shuleni. Hapo ndipo penye hatari.

Tazama kipande kimoja kabla ya kukipika. Kina rangi ya kahawia kama andazi lililoiva. Kiwandani hutumbukizwa katika mafuta ya moto kwa muda mfupi ili chenga zishike, kisha hugandishwa. Katika aina fulani nyama ya ndani huwa imepikwa kabisa. Katika nyingine bado ni mbichi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Soma pakiti, hata maandishi yale madogo (mara nyingi ndiyo yenye habari!). Ikiwa ni mbichi, ishike kama kuku uliyemchinja asubuhi: nawa mikono, na koleo lililogusa nyama mbichi lisitumike kupakulia. Barafu haiui vijidudu vya salmonela.

Nchini Marekani, kati ya 1998 na 2023, serikali ilichunguza milipuko 14 ya salmonela iliyotokana na kuku mbichi wa chenga aliyejazwa vitu kama jibini ndani. Watu wapatao 200 waliugua. Baadhi yao walidhani wanapasha moto tu chakula kilichokwisha kuiva.

Namna ya kupika

Washa kikaangio kwa nyuzi 200 za Selsiasi, dakika tatu hivi kabla ya kuweka nyama. Usiyeyushe barafu kwanza, maana chenga zitabanduka. Panga vipande safu moja, visibebane. Hewa ya moto inayozunguka ndiyo inayopika, nayo haiwezi kupita kwenye kikapu kilichojaa pomoni. Ni afadhali kupika mara mbili.

Vipande vidogo huchukua dakika 10 hadi 12, navyo vigeuzwe katikati ya muda. Vile vinene vilivyojazwa vipikwe kwa nyuzi 180 na kwa muda mrefu zaidi, la sivyo ganda litaungua huku katikati pakiwa na ubaridi. Fuata maelezo ya pakiti, lakini usitegemee saa peke yake, kwa kuwa vikaangio havilingani nguvu.

Choma kipimajoto cha chakula katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Kikisoma nyuzi 74, nyama imeiva. Kikisoma chini ya hapo, rudisha dakika chache, upime tena. Kama huna kipimajoto, nunua pakiti zilizoandikwa kuwa nyama imekwisha kupikwa.

Ya kujadili katika kikundi

Leteni pakiti mbili au tatu tofauti. Ni ipi mbichi, na mmejuaje? Nyumbani kwako, nani hupika wakati wewe hupo, na je, anaweza kusoma lugha iliyoandikwa kwenye pakiti hiyo?